Kobe wa Trei Mbili

Wajukuu, na nyinyi wengine ambao si damu yangu lakini mtashika mifupa baada yangu: ukitaka kujua kama kitu ni jiwe ama ni mfupa, usikimbilie mashine. Kilambe. Jiwe linateleza kwa ulimi na kwenda zake. Mfupa wa zamani unang'ang'ania, kama mtoto wa nasari asiyetaka kuachwa getini. Mimi nimelamba mifupa ya enzi za dinosaria miaka kumi na tisa, na ladha yake ni vumbi tu. Pasta wetu hapa Roret aliposikia alicheka mpaka akashika ukuta wa kanisa.

Jina langu ni Tapsubei. Kazini niliitwa Mama Weldon, kwa sababu ya kifungua mimba wangu. Siku hizi naitwa Kogo, yaani nyanya, hata na watu wenye mvi. Shule niliachia darasa la nne. Naandika polepole, na mkono unauma nikifika mwisho wa ukurasa, kwa hiyo msitafute mpangilio. Nitaeleza vile inakuja.

Kazi yenyewe ilikuja hivi. Kule Nairobi stoo ya mifupa ilikuwa inajengwa upya, masanduku hayana pa kulala. Yakaletwa huku kwetu, kwenye nyumba ya zamani ya meneja wa chai upande wa Kiptere, nyumba kubwa yenye bomba la moshi na hakuna mtu. Walitafuta mwanamke wa kufagia. Mimi nilikuwa nachuna majani hapo karibu, nikaambiwa niingie na ufagio. Nilifagia mwezi mmoja. Halafu mzee mmoja aliyekuwa akisafisha mifupa pale akanitazama ninavyookota takataka sakafuni, akasema, "Mama, vidole vyako vinaona. Acha huo ufagio."

Huyo alikuwa Mzee Onyancha, Mkisii, mfupi, sweta moja ya kijani mwaka mzima. Yeye ndiye alinifundisha. Hakuwa mpole. Juma langu la kwanza mezani nilipata kipande kizuri chenye mstari wa mviringo, nikakiosha kwa mswaki, nikakikausha, nikakiweka na makobe. Kila siku nakitazama na kujisifu. Mzee alinyamaza siku tano. Siku ya sita akaja na kikombe chake, akakaa, akaniuliza kwa heshima kabisa, "Mama Weldon, huyu kobe wako alikuwa anakunywa chai ya maziwa ama ya rangi?"

Kilikuwa kipande cha kikombe. Wale watu wa kuokota mifupa walivunja kikombe kambini, kikaingia sandukuni.

"Na ulikuwa unajua?" nikamwambia.

"Nilikuwa nangoja ukilambe."

Tangu siku hiyo ndiyo nalamba kila kitu.

Sasa niwaambie kuhusu kobe, maana watu wakisikia enzi za dinosaria wanataka meno makubwa. Meno makubwa yalikuwa na masanduku yao na wageni wao. Kobe walikuwa chumba cha nyuma, kilichokuwa chumba cha kulala cha watoto wa meneja, na hakuna aliyekuja kuwaangalia. Waliokotwa Turkana, kwenye miamba myekundu ambayo mimi sijawahi kuiona. Nilikuwa najua tu mchanga wake, uliokuwa ukinijaa kwenye kucha.

Kobe ni makabila mawili makubwa. Kabila moja, akiogopa, anarudisha kichwa nyuma moja kwa moja, kama mtu anayevuta shingo ndani ya sweta asubuhi ya Julai. Kabila la pili anakunja shingo upande na kuficha kichwa chini ya ukingo wa gamba, kama kuku anavyolala. Ukipata pingili za shingo, umejua kabila lake. Lakini pingili ni ndogo, mto wa wakati huo ulizibeba zikaenda. Mara nyingi unabaki na gamba. Basi chukua gamba la tumbo, ligeuze, tazama ndani, kule nyuma karibu na mkia. Huyu wa kukunja upande, nyonga zake zilishikana na gamba. Hata nyonga zikipotea zinaacha makovu, kama pale mguu wa meza uling'oka. Yule wa kuvuta moja kwa moja nyonga zake hazikushikana na gamba, kwa hiyo ndani yake ni laini, ukipitisha kidole hakisimami. Hiyo tu. Nimeona watu wenye digrii wakitazama juu ya gamba siku nzima, wakisifu mistari, na jibu liko chini. Geuza. Kila kitu kigeuze.

Kipande na kipande vikiwa vya mwili mmoja, vinashikana bila gundi. Unavileta polepole, unafumba macho, unasikia vinakaa. Ukianza kutafuta pembe ya kuvilazimisha, viache. Tulivisimamisha kwenye karai ya mchanga vikauke. Gundi ya zamani ilikuwa ya rangi ya asali, mbaya, haikubali kutoka. Baadaye ikaja ile inayoyeyuka kwa asetoni, ambayo ni kama toba: unaweza kurudi nyuma. Siku hizi naambiwa mnatia kobe kwenye mashine, mnamwona ndani bila kumgusa. Ni vizuri. Lakini mashine itakuonyesha kile ulichoweka mezani. Haitakuuliza ulikitoa wapi.

Na hapo ndipo nilikosea mimi.

Kila trei ilikuwa na karatasi yake: namba ya mahali, na jina la aliyeokota. Namba zilinishinda, zilikuwa ndefu, lakini majina niliyashika yote. Trei ya Lomuria, trei ya Ekai, trei ya Nakiru, trei ya Lokwang, ya Akiru, ya Esekon. Hao watu niliwaona mara moja tu, walipoleta masanduku na lori, wakanywa chai wakisimama kwa sababu ya baridi. Lakini miaka yote niliishi na mwandiko wao. Mzee Onyancha alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka inachosha: "Trei na trei hazisalimiani." Nilisikia. Nilidhani anazungumzia usafi.

Lazima mjue nilikotoka. Kwenye kituo chetu cha kupimia majani, hakuna mwanamke wa mstari wetu aliyefikisha kikapu nusu kwenye mizani. Mtoto akikusumbua, mgongo ukikuuma, ukichelewa shambani, jirani anakuja na konzi zake, anakujazia, na hasemi kitu. Na wewe ukiona kikapu cha mwenzako kiko chini, unatia. Haiulizwi haya majani yametoka kwa mti wa nani. Majani ni majani. Nilifanya hivyo tangu msichana, mikono ilikuwa inafanya yenyewe.

Mzee Onyancha alistaafu akarudi kwao. Nilibaki peke yangu na ile nyumba. Baba Weldon, mume wangu, alikuwa amelala kaburini miaka miwili, Mungu amweke. Weldon yuko Nakuru, dada zake wameolewa mbali. Asubuhi nafungua, jioni nafunga, na katikati, mlinzi akiwa kule getini, hakuna wa kuniambia hata pole. Alasiri mvua ya mawe ikishuka juu ya yale mabati huwezi kusikia hata mawazo yako. Nilianza kuzungumza na trei. "Lomuria, leo umeamkaje?" Msinicheke. Mtu anayefanya kazi peke yake anazungumza na kilicho karibu.

Halafu akaja Chepkemoi. Msichana wa Sigowet, mrefu, mwenye kucheka na pua. Alikuwa anatafuta udaktari wa vitabu, na alikuwa amechagua makobe ambayo kila mtu ameyaacha. Alikuwa akija Ijumaa, na mkate mkubwa na themosi, anakaa kwenye kiti cha Mzee Onyancha mpaka saa kumi. Alinisomea vitabu vyake, anatafsiri akiendelea. Nikimwita daktari anasema, "Bado, Mama Weldon, usiniletee mkosi." Nami nasema, "Basi daktari wa kesho." Niliishi Ijumaa mpaka Ijumaa.

Lakini makobe yalikuwa yanamtesa. Kila trei ni nusu. Huyu hana mgongo, huyu hana tumbo. Siku moja aliweka kichwa mezani katikati ya vipande, akasema, "Mama, walimu wangu wanasema hii ni kokoto. Kama sina hata kobe mmoja mzima, wataniambia nichague kitu kingine. Na sina nguvu ya kuanza tena."

Alienda akiwa hivyo. Nami nikabaki nikitazama trei ya Lomuria. Lomuria alikuwa na kobe mzuri: nusu ya mbele, na pingili tatu za shingo za yule wa kuvuta moja kwa moja. Nyuma hakuna kitu. Rafu iyo hiyo, pembeni yake, Ekai: nyuma tu, mbele hakuna. Rangi ni moja, ile nyeusi ya ndani ya kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Unene ni mmoja. Nikavileta karibu. Havikushikana, nafasi ya kidole ilibaki. Lakini mto umekula, nikasema, umekula hapo katikati. Si ni kobe yule yule alivunjika, huyu akaokota mbele na yule akaokota nyuma?

Nikamjazia.

Ile nafasi niliiziba na plasta, nikaishika pande zote kwa ile gundi ya asetoni. Plasta ilikuwa nyeupe, inapiga kelele, kwa hiyo nilichemsha chai ya rangi, kali, nikaipaka kwa brashi mara tatu mpaka ikawa mfupa. Karatasi ya Ekai niliiweka kwa droo. Trei yake nikaiosha, nikaianika juani.

Ijumaa ile Chepkemoi alipiga nduru hata mlinzi akaja mbio kutoka getini na rungu. "Mama Weldon! Ulimpata wapi?"

"Alikuwa hapa hapa," nikasema. Na huo haukuwa uongo, ndiyo ubaya wake.

Akaandika. Miezi na miezi, alimpima, alimchora, alimpiga picha. Mimi niliona amenenepa, amerudi kucheka. Halafu Ijumaa moja ya mwezi wa tatu akanieleza alichoandika. Akanishika mkono, akanipitishia kidole shingoni: "Huyu shingo yake inarudi moja kwa moja, si ndiyo?" Ndiyo. Akamgeuza, akanipitishia kidole ndani kule nyuma. Makovu. "Na nyonga zake zimeshikana na gamba, kama wale wa kukunja upande. Mama Weldon, hakuna kobe kama huyu dunia nzima. Yuko katikati ya makabila yote mawili. Walimu wamenyamaza! Huyu ndiye atanivusha."

Nilikuwa nimepitisha kidole hapo mara mia na sikuwahi kuweka mambo mawili pamoja. Hakuwa katikati ya chochote. Alikuwa Lomuria mbele na Ekai nyuma, na chai yangu katikati.

Mngefanya nini? Mnasema mngesema. Mimi nilikata mkate.

Nilinyamaza kutoka mwezi wa tatu mpaka wa kumi. Nilijiambia atagundua mwenyewe. Nilijiambia pengine kweli yuko kobe kama huyo, Mungu haulizwi. Kila Ijumaa alikuja, na kila Ijumaa nilikuwa na neno mdomoni, na kila Ijumaa alikuwa na habari: leo ameandika ukurasa mia, leo amepewa tarehe, leo mama yake Sigowet ameanza kualika watu. Akiondoka nilikuwa natazama gari lake likishuka kati ya majani mpaka linapotea, halafu nahesabu siku saba. Watu husema kukumbuka majina ni zawadi. Kama ningekuwa mtu wa kusahau, ningelala.

Ijumaa ya mwisho kabla aende Nairobi kusimama mbele ya walimu, alikuja na suti mpya kwenye karatasi, anionyeshe. Rangi ya zambarau. Akaishika kifuani, akazunguka chumba chote.

"Sema, Mama Weldon. Nafanana na daktari?"

Nilimwambia anafanana. Halafu nikachukua chupa ya asetoni na brashi, nikamvuta kobe karibu, nikaanza kupaka kwenye maungio. Harufu ilijaa chumba.

"Unafanya nini?"

"Nawatenganisha."

"Nani?"

"Wa Ekai na wa Lomuria."

Alidhani nimechanganyikiwa. Alinishika kiwiko taratibu vile mnavyotushika sisi wazee. Lakini gundi ilikuwa imelegea, na plasta ikatoka nzima, kipande kirefu kama kidole, ndani nyeupe pepe, nje rangi ya chai. Nikafungua droo nikamwekea karatasi ya Ekai mezani. Alisoma namba ile. Yeye namba alizijua. Akasoma ya Lomuria. Akakaa chini na suti mapajani.

"Hizi ni sehemu mbili tofauti," akasema. "Kati yake ni mwendo wa siku nzima."

"Sikujua ya mwendo. Niliona kikapu hakijajaa."

"Kikapu gani, Mama Weldon?"

Nikamweleza. Alisikiza mpaka mwisho. Hakulia, ningependa angelia.

"Umejua tangu lini?"

"Mwezi wa tatu. Uliponipitishia kidole."

"Huu ni wa kumi."

"Ndiyo."

Alikunja suti, akairudisha kwenye karatasi yake vizuri, mikono miwili, kama inavyofungwa dukani. Akatoka. Mkate aliuacha. Niliula siku nne nikiwa natazama vipande vile, kila kimoja kwenye trei yake.

Nilisikia kwa mlinzi kwamba hakwenda mbele ya walimu. Alipiga simu mwenyewe akawaambia kobe hayupo. Mama yake alirudisha sufuria za watu. Chepkemoi akaanza tena, mahali pengine, huko Nairobi, na Ijumaa hakuja mtu. Baadaye stoo ya Nairobi ikaisha kujengwa, lori likaja likabeba masanduku yote, na makobe yakamfuata huko. Niliwasindikiza mpaka barabarani. Lomuria, Ekai, Nakiru, Lokwang, Akiru, Esekon. Nikarudi huku Roret kwa ng'ombe wangu wawili na majani yangu kidogo.

Alikuja hapa mara moja tu, miaka minne baada ya ile Ijumaa. Nilikuwa natenganisha maharagwe. Niliona gari getini, nikaona ule urefu wake, nikasimama mpaka ungo ukamwagika.

"Shikamoo, Mama Weldon."

"Marahaba. Karibu. Karibu ndani, daktari wa..." Nikakomea hapo.

"Ni wa leo," akasema. "Nimemaliza."

Alikuwa amebeba kitabu chake, kizito, jalada jekundu. Hakunipa. Alikifungua mezani mahali penye michoro, kobe wawili, wa Lomuria na wa Ekai, kila mmoja ukurasa wake, kila mmoja na nusu yake tu, na palipokosekana pameachwa peupe.

"Kitaenda kuchapishwa. Nataka uangalie kila mchoro," akasema. "Kila kipande. Uniambie kama kuna kingine hukuniambia."

Basi niliangalia. Nilivaa miwani, nikapita ukurasa kwa ukurasa, saa mbili nzima, yeye amekaa anatazama nje. Nilimtajia kila kipande na mtu aliyekiokota. Vyote vilikuwa nyumbani kwao. Nilikuwa nimemwekea chai, ikafunga ngozi juu.

"Hakuna," nikamwambia. "Vyote ni sawa."

"Asante."

Akafunga kitabu. Akasimama. Mlangoni akageuka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akanitazama machoni.

"Ile miezi saba, Mama Weldon. Ulikuwa unanihurumia mimi?"

Nilimjibu upesi sana. "Ni wewe, mama yangu. Nilikuwa nakuhurumia wewe."

Aliitikia kwa kichwa, akaenda.

Wajukuu, sikuwa namhurumia yeye. Nilikuwa naogopa Ijumaa ibaki tupu. Namba yake ya simu ninayo, lakini nikipiga inaniambia haipatikani, na nyinyi mnajua vile watu hupatikana siku hizi. Mkimpata, msimwambie namsalimu. Msomeeni hapo juu, pale nimeandika ni kwa nini.